Elungat na Bomu la Kando ya Barabara

Elungat alikuwa dereva wa trela, na kule Malaba watu walimjua kwa subira yake. Foleni ya mpakani ikirefuka hadi kupita Amagoro, madereva wengine walipiga honi, wakachomekea, wakagombana na askari. Yeye alizima injini, akashuka, akatandika gunia chini ya trela lake mwenyewe na kulala. Aliendesha kutoka Mombasa hadi Kampala miaka nenda miaka rudi, mara nyingine hadi Juba, na hakuwahi kumgonga mtu. Mke wake, Akwii, aliuza maharagwe na simsim karibu na steji. Walipanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya yadi ya malori, barabara kuu ikipita mlangoni kabisa.

Tajiri wake alipofariki, watoto wa marehemu waliuza magari yote, na Elungat akajikuta nyumbani. Alizunguka yadi zote za Malaba na Busia akitafuta usukani mwingine. Kila mahali aliambiwa arudi mwezi ujao.

Ndipo akakutana na Ojakol, mtu wa Busia aliyejiita wakala wa kazi za nje. Ojakol alisema anatafuta madereva wa kwenda Urusi, kubeba chakula na saruji, mbali kabisa na vita. Elungat alisitasita. Kilichomsukuma ni kwamba Wandera naye alikuwa amekubali. Wandera alitoka Khunyangu, upande wa Butula, na wawili hao walikuwa wamekula pamoja barabarani kwa miaka mingi, tangu wote wawili wakiwa utingo.

"Tukienda wawili hatutapotea," Wandera alimwambia.

Walifika kukiwa na theluji. Walitia sahihi karatasi za lugha wasiyoijua, wakanyang'anywa pasipoti, na baada ya hapo wakapewa nguo za jeshi. Wandera alipolalamika kwamba wao ni madereva, ofisa aliyejua Kiingereza alimjibu kwamba ndiyo, wataendesha. Anayetaka kurudi kwao atarudi akimaliza muda wake. Muda huo ni mpaka lini, hakusema.

Kabla ya kupelekwa mbele walifundishwa kwa siku chache. Mwalimu wa mabomu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mhandisi wa jeshi, aliyewahi kukaa Ethiopia ujanani mwake na ambaye alipenda kuongea na Waafrika kwa Kiingereza. Aliwaonyesha mabomu ya aina nyingi juu ya meza. Mwisho akawaonyesha moja lililosimama sakafuni kwa miguu mitatu, bomba fupi nene lililoelekezwa dirishani.

Aliwaeleza kwamba zamani bomu la kulipua vifaru lilifukiwa barabarani, na kifaru kililipuka kilipolikanyaga. Basi watu wa vifaru wakatafuta dawa. Wakafunga magurudumu mazito ya chuma mbele ya kifaru ili yatangulie kukanyaga, na wakaleta askari wa kuchokora udongo. Mafundi wa mabomu nao wakakaa wakafikiri. Wakaliondoa bomu barabarani, wakalisimamisha kando, katikati ya miti, litazame barabara. Ubavu wa kifaru ni mwembamba kuliko uso wake, na kutoka kando ndio ubavu unaoonekana.

Mwanzoni, alisema, lilikuwa jambo la kawaida tu: roketi kwenye mguu wa chuma, na waya uliolazwa barabarani. Gari likikanyaga waya, roketi inatoka. Baadaye wakalitia bomu sikio na jicho. Sikio husikia ardhi ikitetemeka, na bomu huamka. Jicho hutazama joto la injini, na gari likipita mbele yake, bomu hufyatuka. Mengine hayana roketi, yana sahani ya shaba ambayo mlipuko huikunja ikawa kama ngumi na kuirusha ng'ambo ya barabara. Kila jeshi linayo siku hizi. Mtu mmoja akiyatega machache anaweza kufunga njia nzima ya msitu, kisha akaenda zake.

"Hilo ni la vifaru," Wandera alisema. "Sisi tuna malori."

"Lori ni zito," mzee akajibu. "Na lina joto."

"Sasa dereva atalijuaje?"

Mzee alitikisa kichwa. "Dereva halijui."

Barabara waliyopewa ilipita kwenye msitu wa misonobari. Wandera aliendesha gari la deraya lililobeba askari, na Elungat alimfuata na lori lililojaa makombora ya mizinga. Walienda na kurudi hivyo, na kila waliporudi walikaa pamoja wakinywa chai, wakiongea juu ya Bumala na vile mtu anavyoweza kupata pale samaki wa kukaanga hata akifika amechelewa. Hawakuongea juu ya miti.

Siku ile Wandera alirudi peke yake ndani ya gari lake. Askari walikuwa wameshushwa, na alikuwa anatangulia tu ili kumfungulia Elungat njia ya kupeleka mzigo mahali pengine. Elungat alimwona mbele yake, akienda polepole, matairi yakifuata alama za magari yaliyotangulia. Hakuna kilicholipuka chini. Mlio ulitoka kulia, miongoni mwa miti, kama mlango wa kontena unaobamizwa. Gari la Wandera lilisukumwa upande, likasimama mshazari na kuziba njia, na moshi ukaanza kutoka kwenye tundu dogo ubavuni.

Elungat alikanyaga breki na kuzima injini. Alifungua dirisha akaita. "Wandera! Wandera!" Aliita tena kwa sauti kubwa zaidi. Moshi ukawa moto, na moto ukalijaza gari lile.

Hakuruka kwenda kumtoa. Alitaka, na mguu wake ulikuwa tayari mlangoni, lakini alikumbuka yote aliyoambiwa. Mabomu hayo hutegwa mawili, la pili kwa yule anayekuja kusaidia. Akisogeza lori mbele, huenda la pili linamwona. Akirudi nyuma, ardhi itatetemeka na huenda kuna la tatu alilolipita likiwa bado limelala. Akishuka kando, nyasi zile zilijaa mabomu madogo ya kukata miguu, walishaonywa. Na nyuma ya kiti chake kulikuwa na makombora, ambayo hayangengoja mtu kama moto ungeyafikia. Juu ya misonobari kulikuwa na mvumo wa droni, na hakujua ni ya nani.

Redio ikaanza kuongea. Sauti ilisema neno moja tu ambalo Elungat alikuwa amejifunza kwa lugha ile, nalo ni mbele. Alijibu kwa Kiingereza kwamba njia imezibwa, Wandera amepigwa. Sauti ikasema mbele. Akaeleza tena, kwa Kiswahili safari hii, maana Kiingereza kilimkimbia. Sauti ikasema mbele, kwa ukali zaidi.

Alikaa. Baridi iliingia ndani ya kebini ikapanda kutoka vidoleni hadi magotini. Hakuthubutu kuwasha injini apate joto, kwa kuwa joto ndilo lililokuwa linatafutwa. Alitazama miti ya kulia mpaka macho yakauma. Kila shina lilikuwa na miguu mitatu. Alisali sala alizofundishwa utotoni kwa Kiteso, akafika katikati akasahau, akaanza upya.

Moto wa Wandera ulipungua ukabaki moshi mweusi. Ndipo wazo likamjia, na lilikuwa wazo la kidereva tu. Pale matairi yake yalipokanyaga, palikuwa pamekanyagwa tayari. Na bomu la miti halimshughulikii mtu kwa miguu. Alifungua mlango taratibu, akakaa kwenye ngazi, akashusha mguu mmoja ndani ya alama ya tairi. Akashusha wa pili. Akaanza kutembea kurudi alikotoka, ndani ya mfereji ule mwembamba, bila kugeuka, bila kukanyaga ukingo. Redio ilibaki ikiita nyuma yake.

Alipofika kambini hakupewa hata chai. Alifungiwa kwenye ghala la chini ya nyumba kwa kosa la kuacha gari, pamoja na wengine waliokataa kwenda. Humo miguu iliyokuwa imeganda ikaoza. Walipomtoa ilibidi apelekwe hospitali, akakatwa vidole vya mguu wa kushoto. Muuguzi mmoja alimwazima simu. Akwii alipoisikia sauti yake alikaa chini sokoni, kisha akasimama, akaenda kutafuta wanawake wengine ambao waume zao walipotea kwa njia hiyo hiyo. Walihangaika ofisi kwa ofisi huko Nairobi kwa muda mrefu sana. Hatimaye Elungat akawa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kurudi nyumbani.

Watu wa Malaba walimpokea vizuri. Ilifanywa misa ya shukrani, wazee wa ukoo wakachinja, mtungi wa pombe ya ajono ukawekwa katikati na mirija ikapitishwa. Elungat alikaa hapo akitabasamu. Kisha wageni wakaenda, na akabaki na ile nyumba.

Nyumba ilitetemeka. Ilikuwa imetetemeka siku zote, kila trela lilipopita, ila zamani hakuwa anasikia. Sasa alisikia kila moja kuanzia mbali. Vikombe vilitikisika kabatini, na yeye alisimama akabana mgongo kwenye ukuta hadi litokomee. Lakini Malaba malori hayaishi. Akwii alimhamishia kitanda chumba cha nyuma. Alikaa humo mchana kutwa. Choo kilikuwa uani, huko alienda. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, huko hakwenda. Mara mbili alifika ukingoni mwa lami, akatazama ng'ambo, akarudi ndani.

Jirani yao, Opio, alidhani ni uvivu wa mtu aliyekaa sana, na kwamba usukani utamponya. Opio alikuwa na trela kwenye foleni, na siku moja akaja akishika tumbo.

"Nisaidie, boss. Nataka kukimbia dispensari. Wewe ni kusogeza tu, kidogo kidogo, mpaka nirudi."

Elungat alitaka sana kuweza. Alipita nyuma ya yadi, akafuata lami hadi kwenye trela, akapanda. Kebini ilinukia dizeli na chungwa, harufu aliyoipenda. Akashika usukani. Kisha akatazama kulia. Kulikuwa na mstari wa mikaratusi kando ya barabara, mirefu, imenyooka, na nyasi ndefu chini yake.

Gari la mbele lilisogea. Likasogea tena. Nafasi ikawa kubwa na honi zikaanza. Dereva wa nyuma alikuja akagonga mlango.

"Mzee, umelala? Songesha gari!"

Elungat alimsikia vizuri. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti na haikuinuka. Hakuweza kuwasha, na hakuweza kushuka. Watu wakajazana. Mmoja aliyemfahamu alikimbia kumwita Akwii, naye akaja na vumbi la simsim bado mikononi, akapanda kupitia mlango wa kushoto.

"Mume wangu, ni mimi."

"Usikanyage nyasi."

"Sijakanyaga. Nimepita kwa lami."

"Liko kwa miti," Elungat alisema.

Akwii aliitazama miti. Kulikuwa na mwanamke akianika nguo kwenye kamba aliyoifunga kati ya mashina mawili. Angeweza kumwambia hakuna kitu, na wengi walikuwa wameshamwambia hivyo. Badala yake akamuuliza, "Sasa tutatoka aje?"

Elungat alifikiri. "Kwa nyuma. Kwenye matairi yamepita."

Basi walishuka mlango wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, wakapita pembeni mwa trela wakikanyaga lami tu, wakarudi nyumbani mbele ya macho ya foleni nzima. Hakuna aliyemcheka. Lakini toka siku hiyo hakuna aliyemwomba kushika gari, na yeye hakutoka tena kwenda barabarani.

Miezi ikapita hivyo. Kisha simu ikaja kwa Akwii kutoka Khunyangu. Aliyepiga ni Roselida, mama yake Wandera. Alisema ukoo umechoka kungoja mwili ambao hautakuja. Kwa desturi yao, mtu akifia mbali na asipatikane, shina la mgomba huvikwa nguo yake na kuzikwa mahali pake, ili roho isitangetange. Kaburi lilikuwa limekwisha kuonyeshwa. Yeye ndiye aliyekataa.

"Sitazika mgomba kabla sijaongea na yule alikuwa nyuma yake," alisema. "Mwambie aje."

Elungat alikataa. "Nitamwambia nini?"

"Kile uliona."

"Sikuona kitu, Akwii. Hiyo ndiyo shida yangu yote."

"Basi mwambie hivyo."

Siku mbili tatu zikapita, kisha asubuhi moja Akwii akamkuta amevaa viatu. Akwii alitafuta mwendesha boda boda anayejua vichochoro, wakapakiwa wote wawili. Walipita njia za ndani, katikati ya mihogo na miwa ya Bukhayo, na Elungat alikaa ameshika bega la mwendeshaji akitazama udongo. Lakini ukifika Bumala lami haikwepeki. Trela lilikuja mbele yao likinguruma, naye akamgonga yule kijana mgongoni asimamishe. Alishuka akachuchumaa barabarani, mikono kichwani. Akwii alisimama kando yake akiyapungia magari yapite mbali. Alipoinuka alisema hatapanda tena. Sehemu iliyobaki walitembea, polepole kwa sababu ya ule mguu, na jua lilikuwa limepanda sana walipobisha hodi kwa Roselida.

Alikuwa mama mfupi, mweusi, mwenye sauti ya chini. Alimkaribisha Elungat kiti mbele ya jikoni, akaketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Shemeji yake, mzee Mathew, ndugu wa marehemu mume wake, aliketi ukutani.

"Mwanangu," Roselida alisema, "hapa watu wanasema Wandera alikanyaga bomu. Mzee huyu anasema dereva mwenye macho hawezi kukanyaga kitu kimewekwa njiani. Nataka uniambie. Alikuwa anaangalia njia?"

Mzee Mathew alitazama pembeni.

"Alikuwa anaangalia, mama," Elungat alisema. "Hakukanyaga kitu."

Akainuka. Alisimama katikati ya uwanja, kati ya jikoni na nyumba kubwa. "Tuseme hapa ndio barabara. Wandera anapita hapa, pole pole, vizuri. Bomu haliko hapa." Akanyoosha mkono hadi kwenye mti wa avokado mwisho wa boma. "Liko kule, limesimama kwa miti, linaangalia huku. Hata mimi nilikuwa nyuma sikuliona. Hata huyo mwalimu wa mabomu alituambia dereva hawezi kulijua."

"Nani alikuwa amelishika?"

"Hakuna mtu."

"Kuna mtu aliliweka."

"Aliliweka akaenda. Pengine wakati huo alikuwa mbali, anakula. Linabaki peke yake, linangoja."

"Linajuaje nani ni adui?"

"Halijui, mama. Linajua joto na uzito."

Roselida aliacha kupukuchua. "Kwa hivyo hakuna mtu alimwangalia mwanangu usoni."

"Hakuna."

"Ulimwita?"

"Niliita. Mara nyingi."

"Aliitika?"

"Hapana, mama."

"Halafu ukaondoka, ukamwacha."

Elungat alikuwa ameliogopa swali hilo kuanzia Malaba. Alisema, "Nilimwacha."

Roselida aliinuka akaingia jikoni. Elungat akabaki amesimama katikati ya uwanja, hajui kama amefukuzwa. Akwii alikuwa ameshaanza kufunga leso yake. Kisha mama yule akatoka na sahani ya viazi vitamu na chai, akamwekea kwenye kiti.

"Kula. Umetembea," alisema. Akamgeukia shemeji yake. "Kesho mnaweza kukata mgomba. Lakini mtu asiseme tena mbele yangu kwamba Wandera hakuangalia njia."

"Nimesikia," mzee Mathew alisema. Akaongeza, "Nilikosea."

Walilala huko. Kesho yake mgomba ulikatwa, ukavikwa shati jeupe la Wandera na suruali ya kazi iliyokuwa na doa la mafuta gotini, ukalazwa ndani ya jeneza. Katekista aliomba kwa kifupi. Vijana walipoinua jeneza, Roselida alisema Elungat ashike upande mmoja, akashika. Aliona aibu jinsi lilivyokuwa jepesi. Njia ya kwenda kaburini ilipita chini ya miti, kahawa ya zamani na migrevilea, na Akwii aliyemfuata nyuma anasema mgongo wake ulilowa jasho, lakini hakusimama.

Hawaishi tena kando ya barabara. Walihamia shamba la baba yake Elungat upande wa Chakol, mahali ambapo magari hayafiki, na Elungat analima mihogo na mtama. Akwii bado huenda sokoni Malaba, na siku nyingi huenda peke yake. Ojakol alihama Busia, wanaume wengine wanasema anaonekana mji mwingine. Gari Elungat hajaendesha mpaka leo, wala hasemi kama ataendesha.

Roselida humpigia simu Jumapili baada ya ibada. Wanaongea habari za mvua na za maharagwe, kisha humuuliza, "Wiki hii umefika wapi?" Naye humwambia ukweli. Kuna wiki hafiki popote. Wiki iliyopita alimwambia amefika hadi kwenye lami, akasimama hapo hadi trela moja likapita, na nyuma yake lingine, kisha akarudi shambani.